Pesa ya Safari Inavujia Wapi? Mambo ya Kuelewa Kabla ya Kulipa Ugenini

Ushauri wa kubana matumizi ugenini huanzia tumboni na kitandani: kula pa bei nafuu, lala pa bei nafuu, tembea kwa miguu. Si ushauri mbaya, ila humwacha msafiri akijinyima mlo wa jioni ilhali asubuhi ya siku hiyohiyo ameacha thamani ya milo kadhaa kwenye dirisha la kubadilishia fedha, na wala hajui kama ameiacha. Mtu aliyejiwekea akiba kwa miaka ili akaone nchi nyingine hastahili kuipoteza hivyo. Na anayeipoteza si mzembe. Malipo ya kimataifa yamepangwa kwa namna ambayo makato makubwa hayaandikwi kwenye risiti.

Kwa hiyo makala haya yatakaa zaidi kwenye pesa yenyewe: inavyobadilishwa, inavyotoka kwenye mashine, inavyokatwa na kadi. Huko ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa, na ndiko ambako kuelewa jambo moja kunaokoa zaidi ya kujinyima mambo kumi. Jambo lenyewe ni hili: kila unapolipa ugenini kuna mtu anayebadilisha sarafu yako kuwa sarafu ya pale. Ukijua ni nani, na umemruhusu kwa kiwango gani, mengi yatakaa sawa.

Bei mbili za sarafu moja

Kila sarafu ina bei ya sokoni, ile ambayo benki kubwa hununuliana na kuuziana. Ndiyo unayoiona ukitafuta kiwango cha kubadilisha fedha kwenye intaneti. Msafiri wa kawaida haipati bei hiyo. Anayemhudumia humuuzia sarafu kwa bei ya juu kuliko ya soko, na akirudi kuiuza huinunua kwa bei ya chini. Pengo kati ya hizo mbili ndilo faida ya duka, na faida si dhambi. Duka lina pango, wafanyakazi na walinzi wa kulipa. Tatizo ni ukubwa wa pengo na jinsi linavyofichwa.

Tuchukue namba za kubuni. Soko linasema dola 1 ni euro 0.90. Una dola 1,000, yaani euro 900. Dukani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hakuna kamisheni, na kiwango chao ni euro 0.83 kwa dola. Unapewa euro 830. Euro 70, karibu asilimia 8, zimebaki upande wa pili wa kioo, na hakuna aliyekudanganya: kamisheni kweli hawakutoza. Sasa safari iahirishwe, urudi kesho yake kwenye dirisha lilelile. Watazinunua euro zako kwa kiwango kingine, tuseme euro 0.98 kwa kila dola watakayokupa. Euro 830 zinageuka kuwa dola 847. Umepoteza dola 153 na hujanunua hata chupa ya maji.

Ndiyo maana tangazo la "bila kamisheni" halikuambii lolote likisimama peke yake. Swali la kuuliza dirishani ni moja: nikikupa mia, mkononi napata ngapi baada ya makato yote? Linganisha jibu na bei ya soko kwenye simu yako. Pengo la asilimia 1 au 2 ni biashara ya haki. Likifika 5, tafuta kwingine. Likizidi hapo na huna namna, badilisha kiasi cha kukufikisha mjini tu, basi. Kwenye viwanja vya ndege pengo huwa pana kwa sababu iliyo wazi: aliyeshuka usiku na begi begani hana duka la jirani la kulinganisha.

Kuna kanuni nyingine ambayo haisemwi sana. Duka likihifadhi sarafu isiyoulizwa na watu wengi hukaa nayo muda mrefu, na katika muda huo thamani yake inaweza kushuka. Hatari hiyo huingizwa kwenye bei. Kwa hiyo sarafu inayotumika katika nchi moja ndogo mara nyingi hupatikana kwa bei nzuri ndani ya nchi hiyo, na sarafu kubwa kama dola au euro ni rahisi kuipata kwa bei ya kueleweka kabla ya kuondoka. Kama sarafu ya kwenu hainunuliwi kabisa huko uendako, utalazimika kupitia sarafu ya tatu, na hapo unalipa pengo mara mbili. Njia ya kadi ina nafuu hapo, kama tutakavyoona.

Anayebeba dola taslimu aziangalie noti zenyewe kabla ya kuondoka. Serikali ya Marekani inatambua noti zake zote zilizotolewa tangu 1861 kwa thamani yake kamili, lakini mbadilishaji wa upande mwingine wa dunia hafungwi na msimamo huo. Katika nchi nyingi noti ya zamani, iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au yenye muhuri hukataliwa au hupewa kiwango cha chini. Noti ya dola 100 yenye utepe wa buluu, iliyoanza kutolewa Oktoba 2013, haina maswali. Aidha, sehemu nyingi noti ndogo za dola 1, 5 au 10 hubadilishwa kwa kiwango kibaya kuliko noti ya 100. Beba ndogo chache za matumizi ya hapa na pale, na kubwa kwa ajili ya kubadilisha.

Swali linaloulizwa na mashine

Umefika dukani au hotelini, umetoa kadi. Mashine inakuonyesha namba mbili: kiasi kwa sarafu ya nchi uliyopo, na kiasi kwa sarafu ya kwenu. Inakuomba uchague. Karibu kila mtu huvutwa na sarafu ya kwao, kwa sababu ndiyo anayoielewa, na pembeni pana maneno ya kutuliza moyo kuhusu kiwango kilichohakikishwa.

Hapa ndipo pesa nyingi za wasafiri huenda, kwa hiyo twende taratibu.

Ukichagua sarafu ya pale, muamala unakwenda hivyo ulivyo hadi kwenye mtandao wa kadi yako, mathalani Visa au Mastercard. Mtandao ndio unaobadilisha, kwa kiwango chake cha siku, na kwa kawaida kiwango hicho kiko karibu sana na soko. Mitandao hiyo miwili huchapisha viwango vyake kwenye tovuti zao, yeyote anaweza kukagua.

Ukichagua sarafu ya kwenu, ubadilishaji unafanyika palepale dukani. Anayebadilisha si benki yako wala si mtandao wa kadi, bali ni kampuni inayoihudumia mashine ile, kwa kiwango inachojipangia yenyewe, na sehemu ya faida humrudia mwenye duka au mwenye mashine. Ongezeko la asilimia 4 hadi 8 juu ya soko ni la kawaida, na huweza kupanda zaidi. Linalouma zaidi ni kwamba benki nyingi bado hukata ada yao ya muamala wa nje, maana malipo yamefanyika nje ya nchi hata kama sarafu ni ya nyumbani. Unakuwa umelipia ubadilishaji mara mbili.

Jibu sahihi, basi, ni sarafu ya nchi uliyopo. Ukiwa Japani lipa kwa yen, ukiwa Uswisi lipa kwa faranga, ukiwa Marekani lipa kwa dola. Wakati mwingine mhudumu hukuchagulia bila kukuuliza kwa kudhani anakusaidia, hivyo itazame risiti kabla ya kuweka sahihi au namba ya siri. Kanuni za mitandao ya kadi zinampa mwenye kadi haki ya kuchagua. Una haki ya kumwomba afute muamala na kuuanza upya.

Kwenye ATM swali hilohilo huja kwa sura ya kutisha zaidi. Kioo kinaonyesha kiwango na vitufe viwili: kubali ubadilishaji, kataa ubadilishaji. Msafiri anaogopa kwamba akikataa, mashine itamnyima pesa au itameza kadi. Haifanyi hivyo. Kukataa hapo ni kukataa kiwango cha mashine tu. Muamala unaendelea, noti zinatoka, na ubadilishaji unafanywa na mtandao wa kadi yako. Kitufe cha kukataa mara nyingine huwa kidogo, na huenda ukaulizwa tena mara ya pili kama una uhakika. Una uhakika. Kataa tena.

Umoja wa Ulaya uliliona tatizo hili likiwa kubwa kiasi cha kulitungia kanuni. Tangu Aprili 2020, anayetoa huduma hii kwa sarafu za nchi wanachama anatakiwa kumwonyesha mteja ongezeko lake kwa asilimia, likilinganishwa na kiwango cha rejea cha Benki Kuu ya Ulaya. Ukiwa huko, itafute asilimia hiyo kwenye kioo na uisome. Yenyewe inatosha kukufanya ubonyeze kitufe kingine. Kwingineko duniani unaweza usiipate popote.

Mtego huu haukai mashineni tu. Tovuti za kuuza tiketi za ndege, za kukodi vyumba na za malipo ya mtandaoni nazo huweza kukuonyesha bei kwa sarafu ya kwenu kwa chaguo lililowekwa tayari. Kabla ya kubonyeza kulipa, tafuta sehemu ya kubadili sarafu, irudishe kwenye sarafu ya muuzaji, ndipo ulinganishe.

Makato ya benki yako

Ukishamkataa mbadilishaji wa dukani, aliyebaki ni benki yako mwenyewe, naye ana yake. Kadi nyingi hutoza ada ya muamala wa kigeni, na asilimia 3 ni kiwango kinachokutwa mara nyingi. Zipo zisizotoza kabisa. Tofauti hiyo iko kwenye jedwali la ada la benki, lile karatasi ambalo hakuna anayelisoma, na dakika kumi za kulisoma kabla ya safari zina faida kuliko wiki nzima ya kubana matumizi ukiwa safarini. Uliza mambo matatu: asilimia ya ununuzi wa nje, ada ya kutoa pesa kwenye ATM ya nje, na kikomo cha kutoa kwa siku.

Kwenye ATM makato huweza kuwa ya tabaka tatu: mwenye mashine ana ada yake, benki yako ina ada isiyobadilika kwa kila muamala, kisha inakuja asilimia. Mbili za kwanza hazijali umetoa kiasi gani. Anayetoa kidogo kidogo kila siku anazilipa kila siku. Anayetoa kiasi cha siku kadhaa kwa mkupuo mmoja anazilipa mara moja. Bila shaka ukitembea na noti nyingi kuna hatari ya wizi, na hapo kila mtu apime mazingira aliyopo. Mashine iliyo ndani au ukutani mwa benki inayojulikana huwa na masharti nafuu kuliko ile iliyosimama peke yake kwenye mtaa wa watalii.

Kadi ya mkopo usiitumie kutolea pesa taslimu kama una njia nyingine. Kwa kawaida riba ya pesa taslimu huanza kuhesabiwa siku ileile, bila ule muda wa nafuu unaopewa kwenye ununuzi.

Na kabla ya kuondoka, hakikisha benki inaweza kukupata. Malipo mengi ya mtandaoni yanadai namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Msafiri aliyechomoa laini yake na kuweka ya ugenini haioni namba hiyo, muamala unakataliwa, na anaishia kulipa taslimu kwa kiwango kibaya. Simu ya laini mbili, au eSIM (laini ya kidijitali isiyo na kadi ya kuchomeka) ya ugenini huku laini ya nyumbani ikiwa imewashwa kwa ajili ya ujumbe tu na intaneti yake imezimwa, inatatua jambo hilo. Mitandao mingi ya simu haitozi kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje, lakini waulize wa kwenu.

Simu

Nikiwa hapo kwenye simu nimalizie. Bili za kutisha hutokana na intaneti ya laini ya nyumbani inayoendelea kufanya kazi kimyakimya: picha zinapakiwa, programu zinajisasisha. Zima intaneti ya roming, yaani ya laini ya nyumbani ikiwa nje ya nchi, kabla ndege haijatua. Ndani ya Umoja wa Ulaya, laini ya nchi moja mwanachama hutumika katika nchi nyingine wanachama kwa bei ya nyumbani tangu Juni 15, 2017, na utaratibu huo umeongezwa hadi 2032. Ukinunua laini katika nchi moja huhitaji kununua nyingine ukivuka mpaka. Uswisi haimo, na wengi hukumbuka hilo wakiwa tayari ndani ya treni. Kwenye meli na ndege nako simu huweza kunasa mtandao wa setilaiti ambao hauhusiani kabisa na makubaliano hayo. Huko iweke kwenye hali ya ndege.

Tiketi ya bei rahisi inapokuwa ghali

Bei ya kwanza unayoiona kwenye tiketi za mashirika ya bei nafuu ni ya mwili wako na kijibegi kidogo. Begi la juu, begi la kupakia, kiti cha kuchagua, na mara nyingine hata kuchapishiwa pasi ya kupandia uwanjani, vyote ni nyongeza. Hakuna ubaya kama unasafiri mwepesi kweli. Anayepata hasara ni yule anayelinganisha bei ya kwanza ya shirika moja na bei kamili ya shirika jingine. Jaza mzigo wako wote kwenye fomu, fika ukurasa wa mwisho, linganisha namba ya mwisho. Mzigo ulionunuliwa mtandaoni kwa kawaida ni nafuu kuliko ule unaolipiwa langoni.

Angalia pia ndege inatua wapi. Uwanja wa Beauvais huuzwa kama Paris, na uko kilomita 85 hivi kutoka Paris. Frankfurt-Hahn uko takriban kilomita 120 kutoka Frankfurt. Nauli ya basi na saa zinazopotea ni sehemu ya bei ya tiketi. Hata uwanja ulio jirani na mji una njia zaidi ya moja: kutoka Heathrow kuingia London kuna treni ya moja kwa moja ya Heathrow Express, kuna treni za Elizabeth line, na kuna treni za Piccadilly line. Ya kwanza inaokoa dakika chache na kutoza zaidi sana. Ya mwisho ndiyo ya polepole na ya bei ya chini kabisa.

Kununua tiketi mbili tofauti na kuziunganisha mwenyewe huokoa pesa, na mimi sipingi, ila uelewe unachokubali. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili haliwajibiki kwako wala halikungoji, tiketi imekufa. Pia huenda ukalazimika kupita uhamiaji ili uchukue mzigo na kuukabidhi upya, na hapo viza ya nchi unayopitia inaweza kuhitajika. Kama unaunganisha, acha saa nyingi katikati, au lala.

Kwa viza na vibali vya mtandaoni, nenda kwenye tovuti ya serikali yenyewe. Kibali cha eTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia Canada, hugharimu dola 7 za Canada, na bado zipo tovuti za mawakala zilizopambwa zifanane na za serikali zinazodai mara kadhaa ya hiyo kwa kujaza fomu ileile. Matangazo yanayotokea juu kabisa ya matokeo ya utafutaji ndiko zinakojificha.

Pesa ambayo ni haki yako

Kuokoa si kutotoa tu. Kuna pesa wasafiri wanadai na hawaendi kuichukua. Kwa safari inayoanzia uwanja wa Umoja wa Ulaya kwa shirika lolote, au inayoingia huko kwa shirika la Umoja huo, Kanuni 261 ya mwaka 2004 inaweka fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, pale ndege inapofutwa bila taarifa ya mapema au kufikisha abiria ikiwa imechelewa saa tatu au zaidi, isipokuwa sababu iwe ya dharura iliyo nje ya uwezo wa shirika, kama hali mbaya ya hewa. Uraia wako hauhusiki kabisa. Kinachoangaliwa ni safari. Mgeni aliyekaa sakafuni uwanjani usiku kucha ana haki sawasawa na mwenyeji. Unaweza kudai mwenyewe kwa kuliandikia shirika, bila malipo. Kampuni za kukudaia zipo, nazo huchukua sehemu kubwa ya fidia. Jaribu mwenyewe kwanza.

Kwa mizigo, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaendesha safari nyingi za kimataifa. Begi lililoharibika liripotiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kulipokea. Lililochelewa, malalamiko yawasilishwe ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Risiti za nguo na vitu vya lazima ulivyonunua ukisubiri zitunze, ndizo ushahidi wako.

Kisha kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Nchi nyingi humrudishia mgeni kodi ya bidhaa anazoondoka nazo. Katika Umoja wa Ulaya nchi haiwezi kuweka kima cha chini cha ununuzi kinachozidi euro 175, na nyingi zimeweka chini ya hapo. Omba fomu dukani, ukiwa na pasipoti. Fomu igongwe muhuri na forodha ya nchi ya mwisho unayotokea kwenye Umoja, si ile uliyonunulia, na iwe kabla hujakabidhi mzigo, maana afisa anaweza kutaka kuziona bidhaa. Usitarajie kodi yote irudi: wakala anayeshughulikia hukata chake. Ukiomba taslimu pale uwanjani mara nyingi anakata tena, na akikupa kwa sarafu ya kwenu anabadilisha kwa kiwango chake. Ni lile swali la mashine limerudi kwa mlango mwingine. Kurudishiwa kwenye kadi huchukua muda mrefu ila huwa kuna nafuu. Uingereza iliondoa utaratibu huu kwa wanunuzi wa kawaida Januari 1, 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini, na Japani, ambako maduka yalikuwa yakiondoa kodi palepale, imepanga kuhamia mfumo wa kulipa kwanza na kurudishiwa wakati wa kuondoka kuanzia Novemba 1, 2026.

Gari la kukodi, chumba, na usafiri wa mjini

Kaunta ya magari ya kukodi ni mahali pa kufika ukiwa umeshaamua. Kampuni itazuia kiasi fulani kwenye kadi yako kama dhamana. Kwenye kadi ya mkopo ni kikomo tu kinachopungua, lakini kwenye kadi ya debiti ni pesa yako halisi inayofungwa, na huweza kuchukua siku kadhaa kufunguliwa baada ya kurudisha gari. Wengi wamejikuta wana akaunti yenye fedha wasizoweza kuzigusa. Mhudumu atakushauri bima ya kufuta kiasi utakachodaiwa gari likiharibika. Bima hiyo huuzwa pia na kampuni huru kabla ya safari, kwa kawaida kwa bei ya chini sana. Chagua mkataba wa kupokea tangi limejaa na kulirudisha limejaa. Piga video gari zima, ndani na nje, kabla ya kuliondoa.

Kwenye vyumba, bei ya tangazo si lazima iwe ya mwisho. Miji mingi ina kodi ya watalii inayolipwa kando; Amsterdam imeiweka kwenye asilimia 12.5 ya bei ya chumba tangu 2024. Bhutan hutoza wageni wengi dola 100 kwa kila usiku kama ada ya maendeleo endelevu, nje ya gharama nyingine zote. Hizi hazikwepeki, lakini ukizijua mapema unapanga idadi ya siku kwa hesabu ya kweli.

Ndani ya miji mikubwa, usinunue pasi ya siku kabla ya kuangalia kama mfumo unakuwekea kikomo wenyewe. London, ukigusisha kadi ya benki kwenye lango, safari zako zinahesabiwa na zikifika kikomo cha siku huendelei kutozwa. Sharti ni moja, na watu hulikosa: tumia kitu kilekile siku nzima. Kadi na simu yenye kadi hiyohiyo huhesabiwa kama wasafiri wawili tofauti, na kikomo hakifikiki.

Makumbusho yana saa za bure. Prado ya Madrid hufungua bila kiingilio saa mbili za mwisho za kila siku, na British Museum haina kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Makumbusho ya Vatikani hayatozi kiingilio Jumapili ya mwisho ya mwezi, lakini foleni yake huweza kula nusu ya siku. Kama una siku mbili tu Roma, lipa kiingilio uingie siku nyingine.

Kitu kimoja sikishauri kukatwa kabisa, nacho ni bima ya safari. Wanaoomba viza ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, wanalazimika kuwa na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na ningependa kila msafiri aichukulie hivyo hata asipolazimishwa. Siku chache za hospitali katika nchi yenye matibabu ya gharama zinaweza kuiacha familia na deni la miaka. Soma kama inagusa maradhi uliyonayo tayari na michezo unayokusudia kufanya, na usikubali tu ile inayojitokeza yenyewe wakati wa kununua tiketi, linganisha.

Noti zinazobaki

Siku mbili kabla ya kuondoka, hesabu taslimu uliyonayo. Sarafu za chuma karibu hakuna duka la kubadilisha linalozipokea, na noti ukizirudisha unalipa lile pengo kwa mara ya pili. Usizihifadhi kwa ajili ya safari ijayo bila kufuatilia: noti za karatasi za pauni 20 na 50 za Benki Kuu ya Uingereza ziliacha kutumika madukani baada ya Septemba 30, 2022, na Croatia iliacha sarafu yake iliyoitwa "kuna" na kuingia euro Januari 1, 2023. Benki kuu hizo bado hubadilisha noti za zamani, lakini ni lazima uzifikishe kwao. Rahisi zaidi ni kumwomba mhudumu wa hoteli apokee taslimu yako yote iliyobaki kama sehemu ya bili, ukiacha nauli ya kwenda uwanjani, na kiasi kinachosalia akikate kwenye kadi, kwa sarafu ya hapohapo.